Herufi Ishirini na Nne

Saa mbili kasoro. Baridi ya Juni imeshuka Loleza
ikakaa kwenye viti vya masijala kama mgeni asiyeaga.
Bi. Subilaga keshafika: kitenge juu ya sweta,
chupa ya chai ya Tukuyu, kavu, bila sukari,
na kalamu ya wino mweusi.
"Bluu hufifia," aliniambia siku yangu ya kwanza,
"na jina la mtu lisitangulie kufa."

Miaka thelathini na minne.
Wakuu wa chuo watano wamepita mlangoni pake;
mmoja alimwita Mama, mmoja alimwita Wewe,
wote walimwita jalada lilipopotea.

Mfumo ulikuja na maboksi yake kutoka Dar.
Kijana wa mfumo akasema: jina la mwanafunzi,
herufi ishirini na nne, nafasi zikiwemo.
Bi. Subilaga akamtazama juu ya miwani.
"Mwanangu, umepanda basi hadi Mbeya
hukuuliza watu wa huku wanaitwaje?"

Basi kila Novemba, mahafali yakikaribia,
alibaki ofisini, umeme ukikatika simu ikawa taa,
akimalizia vyeti kwa mkono:
-pangala, -bulambo, -lindile,
mikia ya koo iliyobanwa na mlango.

Tusimpake asali. Alikuwa mkali.
Nilirudia barua mara nne kwa ajili ya nukta.
Wasichana wa mwaka wa kwanza walilia dirishani pake
kwa stakabadhi ya ada iliyolowa mvua.
Lakini Ambilikile wa Kyela, aliyenyimwa kazi
kwa kuwa jina lake kwenye cheti liliishia njiani,
aliyekuja usiku kucha juu ya magunia ya mpunga,
alirudi na barua, muhuri, na nauli.
Nauli hakuitaja kamwe.
Niliikuta jaladani, tiketi ya basi imebanwa kwa pini,
nyuma yake ameandika: *isidaiwe*.

Ijumaa tukamuaga.
Godoro, jiko la gesi, mabati ishirini.
Mshereheshaji akatania kikokotoo,
tukacheka kicheko cha watu wenye mikopo.
Mkuu wa Chuo akasoma hotuba
ambayo ingemfaa hata dereva, hata mti.
Kisha cheti cha utumishi uliotukuka,
fremu ya plastiki iliyojifanya dhahabu:

SUBILAGA ANYANDWILE MWAN

Vigelegele. Picha. Hakuna aliyeona.
Yeye aliona. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo,
kama mtu aliyekutana na deni la zamani
katikati ya nyanya za Mwanjelwa.

Jumatatu, makabidhiano.
Funguo saba, mihuri miwili, daftari la barua zitokazo,
na muhuri wa tarehe ambao mkanda wake wa miaka
umezunguka hadi mwaka wa mwisho na kugoma.
"Agiza mwingine," akasema, akasaini, akatoka.
Cheti akakiacha juu ya kabati.
Bi. Subilaga hasahau vitu.

Nikang'oa misumari minne ya fremu.
Nikachukua kalamu, ile nyeusi.
Mkono uliokwisha kuandika mihtasari ya vikao elfu
ukatetemeka kwa herufi sita:
DELILE.
E ya mwisho imeinama kidogo, kama inapanda Kawetire
na mzigo kichwani.

Nikamfuata stendi. Mabati yalikwisha kufungwa juu ya basi,
godoro limekunjwa, konda anaita Kandete, Kandete.
Akakipokea. Akakisoma toka mwanzo
kwa kidole, kama alivyosoma vyeti vyetu vyote,
akafika kwenye ile E, akasimama.
Nikangoja aniambie nirudie.

"Ndaga," akasema. Kisha: "Wino umekauka?"
"Bado kidogo."
Basi likapiga honi.
Akakiinua kwenye upepo wa Uporoto, mbali na kitenge,
akamwambia konda bila kugeuka:
"Lisubiri."